TSH imepanda, uzito haushuki: mwongozo wa tezi ya shingo, kidonge na leptini

Maswali ni yale yale. Anaingia mama dukani na karatasi ya maabara iliyokunjwa mara nne, anauliza: “TSH yangu iko juu, ndiyo kusema tezi inafanya kazi kupita kiasi?” Akishajibiwa huja la pili: “Mbona basi nameza kidonge na mwili haupungui?” La tatu limeingia miaka hii ya simu. Ameona video, ameambiwa leptini ndiyo homoni ya unene, na anataka kujua kama tunayo na inauzwaje.

Nauza dawa Unguja mjini, na majibu haya nimeyatoa kwa mdomo mpaka nimeona bora niyaandike uyasome kwa nafasi yako.

Mwongozo huu ni wa mtu mzima ambaye daktari amemwambia tezi yake ya shingo imelegea, yaani haitoi homoni ya kutosha, na amemwandikia levothairoksini, kidonge cha homoni hiyo, au amemwambia TSH, ile homoni inayoiita tezi kazini, imepanda kidogo, “tusubiri tuone”. Ukiwa umeambiwa kinyume chake, yaani tezi inakimbia, unakonda, mikono inatetemeka, moyo unapiga mbio, hatua za kidonge zilizo hapa si zako. Wewe chukua moja tu: kama umepewa kabimazoli, dawa ya kuituliza tezi inayokimbia, siku utakayopata homa na koo kuuma, acha kidonge na uende hospitali siku hiyo hiyo upimwe damu. Dawa hiyo mara chache hushusha chembe nyeupe za damu kwa kiwango cha hatari, na koo ndiyo dalili yake ya mwanzo. Mjamzito, ruka kwanza mpaka sehemu ya mimba kule chini, kisha urudi.

Kabla ya kuanza, weka hivi mkononi

- Karatasi yenyewe ya majibu. “Waliniambia iko juu” haitoshi. Tunataka tarakimu, kipimo chake, na kiwango cha kawaida kilichoandikwa pembeni.
- Pakiti ya dawa, si vidonge vilivyofungwa ndani ya kikaratasi.
- Orodha ya kila unachomeza: vya damu, vya chokaa, vya vidonda vya tumbo, vya nywele na kucha, na dawa za miti pia. Usifiche za miti, hakuna atakayekugombeza.
- Daftari au kalenda ya ukutani.
- Simu yenye alamu.

Nadharia kidogo tu

Tezi hii imekaa mbele ya shingo, chini ya kikoromeo. Inatoa homoni mbili, T4 kwa wingi na T3 kidogo, na mwili wenyewe huigeuza T4 kuwa T3. T3 ndiyo inayopanga kasi ya mwili: joto, mapigo ya moyo, choo, hedhi, chakula kutumika haraka au polepole. Ndiyo maana kaskazi imekaza, watu wanajipepea, na mwenye tezi iliyolegea anatafuta shuka.

TSH haitoki kwenye tezi hiyo. Inatoka kwenye tezi nyingine ndogo iliyo chini ya ubongo, na kazi yake ni kuiita hii ya shingo. Anayeita asipoitikiwa hupaza sauti. TSH ikiwa juu, basi, tezi imelegea. Ikiwa chini sana, homoni imezidi. Watu wengi wanaokuja wamelisoma kinyume, na wapo waliokwisha kupunguza dozi wenyewe kwa sababu hiyo.

Leptini ni habari nyingine. Inatengenezwa na mafuta ya mwili, na iligunduliwa mwaka 1994 na kundi la Jeffrey Friedman huko New York. Kazi yake ni kuuarifu ubongo kuwa akiba ipo. Mafuta yakiwa mengi, leptini huwa nyingi. Ukijinyima chakula ghafla, leptini huanguka, ubongo unaona njaa imeingia, unapunguza wito kwa tezi, na T3 inashuka. Hapo ndipo homoni hizi mbili zinapokutana. Na kwa upande wa pili, mtu mnene mwenye leptini nyingi anaweza kuwa na TSH iliyopanda kidogo ilhali tezi yake ni nzima. Akipungua, TSH mara nyingi hurudi yenyewe. Je, tezi ikilegea leptini hupanda au hushuka? Tafiti zimegongana, kwa hivyo usimwamini anayekuambia ana jibu moja.

Nadharia imekwisha.

Hatua ya 1: Soma karatasi kabla ya kuogopa

Tafuta mstari wa TSH. Maabara nyingi kwa mtu mzima huandika kawaida kuwa kati ya 0.4 na 4.0 au karibu na hapo, lakini tumia kiwango kilichochapishwa kwenye karatasi yako, si cha jirani. Kisha tafuta T4 huru (Free T4). TSH juu na T4 chini: tezi imelegea waziwazi. TSH juu kidogo na T4 ya kawaida: hapo kuna mjadala, nenda hatua ya 2.

Angalia pia kipimo cha T4. Maabara moja huandika kwa pikomoli kwa lita, nyingine kwa nanogramu kwa desilita, na namba ya kwanza huwa kubwa karibu mara 13 kuliko ya pili kwa damu ile ile. Ukipima mjini mwezi huu na Chake Chake, Pemba, mwezi ujao, unaweza kudhani T4 imeporomoka kumbe kilichobadilika ni kipimo.

Hatua ya 2: TSH imepanda kidogo? Rudia

Kama TSH iko kati ya 4 na 10, T4 ni ya kawaida na huna mimba, madaktari wengi hurudia kipimo baada ya miezi miwili au mitatu kabla ya kukuanzishia dawa ya maisha. TSH hupanda na kushuka: ukitoka kwenye ugonjwa mkali, ukiwa mnene, hata saa ya siku ina athari. Mwulize daktari kama kipimo cha kingamwili za tezi kinafaa kuongezwa; kikionyesha kuwa mwili unaishambulia tezi yake, ule ugonjwa aliouandika Hakaru Hashimoto mwaka 1912, basi uwezekano wa kulegea zaidi mbele ya safari ni mkubwa. TSH ikipita 10, kwa kawaida dawa huanzishwa.

Siku ya kupima: nenda asubuhi, na kidonge ukimeze baada ya kutolewa damu. Kufunga si lazima kwa kipimo hiki peke yake. Vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini viache angalau siku mbili kabla, kwani vinavuruga mashine nyingi za kupimia na karatasi hutoka na majibu ya uongo. Hili limeshawasumbua akina dada wengi wanaonunua vidonge hivyo mitandaoni.

Hatua ya 3: Hakiki nguvu ya kidonge

Levothairoksini hupimwa kwa maikrogramu: 25, 50, 100. Pakiti nyingine huandika kwa miligramu. 0.05 ni 50, na 0.1 ni 100. Mtu aliyezoea “hamsini” akipewa pakiti ya 0.1 na akaendelea kumeza kimoja, amejiongezea mara mbili. Kila ukibadilishiwa pakiti, isome hapo hapo mbele ya aliyekuuzia.

Dozi haiazimwi. Aliyetolewa tezi yote huhitaji karibu maikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili, yaani mtu wa kilo 60 hukaribia 100. Bibi mwenye moyo dhaifu huanzishwa 12.5 au 25, akapandishwa polepole. Ukimpa mia kwa siku ya kwanza unaweza kumletea maumivu ya kifua. Ukipata chapa moja, kwa mfano Euthyrox, jitahidi ubaki nayo. Ikikosekana, chukua nyingine, andika tarehe kwenye daftari, upime baada ya wiki sita.

Hatua ya 4: Chagua saa moja, uishike

Hapa ndipo watu wengi wanapoharibikiwa, si kwenye aina ya dawa.

Kidonge kinataka tumbo tupu na maji matupu. Meza ukiamka, kisha subiri dakika 30, na ukiweza saa nzima, kabla ya kustaftahi. Chai ya maziwa ni chakula. Kahawa chungu nayo huzuia dawa kunyonywa, hata kama haina sukari wala maziwa, kwa hivyo anayetoka msikitini kwenda moja kwa moja barazani kwenye vikombe ajipange upya. Njia rahisi kwa mwenye kusali alfajiri: kidonge na bilauri ya maji kabla ya kwenda kutawadha, na mpaka boflo litoke dukani muda umeshapita.

Asiyeweza asubuhi ameze usiku wakati wa kulala, saa tatu au zaidi baada ya chakula cha mwisho. Inafaa vilevile. Kisichofaa ni leo asubuhi, kesho usiku, keshokutwa pamoja na chapati.

Vidonge usiviweke jikoni wala juu ya friji, na usiviache ndani ya gari. Joto na unyevu wetu vinaipunguza nguvu dawa hii. Viache kwenye pakiti yake, kabatini chumbani.

Hatua ya 5: Tenganisha na vidonge vingine

Saa nne kati ya levothairoksini na hivi: vidonge vya madini chuma, pamoja na vile vya damu vinavyotolewa kliniki ya wajawazito, vya chokaa, dawa za kutuliza asidi za kutafuna au za maji. Zote hushikana na kidonge tumboni na kutoka nacho. Kwa mwenye alamu mbili kwenye simu si kazi: cha tezi alfajiri, cha damu baada ya chakula cha mchana. Omeprazoli ni tofauti kidogo, haishikani nacho bali hupunguza asidi inayohitajika kukiyeyusha. Ukianza kuitumia kila siku mwambie daktari, pengine dozi itahitaji kupimwa upya.

Hatua ya 6: Panga mwezi wa Ramadhani mapema

Kwa mwenye tezi iliyolegea ambaye hali yake imetulia, kufunga kwa kawaida hakuna shida. Una njia mbili. Ya kwanza: futuru kama saa 12 na nusu jioni, sali, kula, maliza, kidonge kiwe saa 4 usiku au baada yake. Sharti lake ni kwamba baada ya tarawehe hakuna kitu tena. Wengi hapa hawaliwezi sharti hilo, maana usiku ndio wa kutembeleana na sinia haliondoki. Ya pili: amka nusu saa kabla ya daku, meza, kaa, kisha ule. Mimi huwashauri ya pili wenye nyumba zenye wageni wengi.

Kumeza pamoja na tende ya kufuturia na uji ndilo kosa la kila mwaka. Mwezi unaisha, TSH imepanda, daktari anaongeza dozi, Shawwal inaingia mtu amerudi kwenye utaratibu wake, na dozi mpya sasa imezidi.

Hatua ya 7: Chumvi ndiyo, mwani taratibu

Watu hushangaa kuambiwa kisiwa kinaweza kukosa madini joto. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulikuta upungufu bado upo Zanzibar, na Pemba hali ilikuwa mbaya kuliko Unguja. Maji ya bahari yana madini joto, lakini chumvi inayobaki yakikauka haina ya kutosha mpaka itiwe. Kwa hivyo chumvi ya kienyeji inayouzwa kwa kupimwa, nyeupe na safi namna gani, uliza kama imetiwa. Mtu mzima huhitaji maikrogramu 150 kwa siku, mjamzito 250. Chumvi iweke kwenye chombo chenye kifuniko, na itie chungu kikikaribia kuiva.

Usipindukie lakini. Mwani unalimwa hapa kibiashara tangu 1989, Paje na Jambiani kwanza, na zamani ulikuwa wa kusafirishwa tu. Sasa kuna unga wa mwani, juisi ya mwani, jamu ya mwani, na maneno kuwa “unatibu tezi”. Kiasi cha madini joto ndani yake hakitabiriki, na kwa tezi inayoshambuliwa na mwili, madini joto mengi yanaweza kuilegeza zaidi. Sabuni ya mwani oga nayo upendavyo. Unga wa kunywa kila siku, uliza kwanza.

Na muhogo? Una vitu vinavyoizuia tezi kuchukua madini joto, na hilo lina uzito pale chumvi isiyotiwa inapokutana na muhogo wa kila siku. Wewe unayemeza kidonge unapata homoni yenyewe iliyokwisha tengenezwa. Kula muhogo wako wa nazi, ila uive vizuri.

Hatua ya 8: Pima tena baada ya wiki 6 hadi 8

T4 huondoka mwilini polepole. Nusu yake huchukua kama siku saba. Ukipima wiki ya pili baada ya kubadilisha dozi, unapima safari kabla haijafika. Andika tarehe kwenye kalenda. Kwa walio Pemba, piga simu kwanza kuuliza kama kipimo kinafanyika siku hiyo na majibu yanarudi lini, ndipo upande gari. TSH ikishatulia, mara moja au mbili kwa mwaka inatosha.

Hatua ya 9: Uzito

Sasa tuzungumze tulichokuwa tukikizunguka. Tezi iliyolegea huongeza uzito, ndiyo, lakini kwa kawaida kama kilo 2 hadi 5, na sehemu kubwa ni maji na chumvi. Kidonge kikikaa sawa, hizo huondoka. Kama umeongeza kilo 20, tezi haikuzileta zote, na dozi kubwa zaidi haitaziondoa. Itakuletea moyo kwenda mbio na mifupa kudhoofika.

Usijibu kwa kujinyima. Mtu anayekunywa maji ya ndimu siku kumi anaiangusha leptini yake, njaa inapanda, T3 inashuka, uchovu unarudi, naye anasema dawa haifanyi kazi. Punguza kidogo kidogo: wali sahani moja badala ya mbili, mafuta ya kukaangia, soda, na utembee. Ni ushauri wa kuchosha, najua.

Leptini haina haja ya kupimwa, na haiuzwi dukani kwetu. Ipo dawa ya sindano iliyotokana nayo, ya wagonjwa wachache sana waliozaliwa bila leptini au wasio na mafuta mwilini. Mnene wa kawaida anayo leptini tele. Ubongo wake ndio haumsikilizi mjumbe. Vidonge vya mitandaoni vya “kurekebisha leptini” sijui hata niseme vina nini, na vya kupunguza mwili kwa haraka vimewahi kukutwa na homoni ya tezi ndani yake. Ukivichanganya na dozi yako utakuwa unameza mara mbili bila kujua.

Mambo yakienda kombo

*Nameza kila siku na TSH bado iko juu.* Kabla ya kuongezewa dozi, rudi hatua ya 4 na 5. Mara nyingi ni chai ya maziwa au kidonge cha damu.

*Moyo unapiga, sipati usingizi, natoka jasho.* Dozi huenda imezidi. Soma pakiti, nenda ukapime. Kifua kikiuma, usisubiri kipimo, nenda hospitali.

*Nimesahau leo.* Meza ukikumbuka, tumbo likiwa tupu. Siku ikishapita, endelea na cha kesho.

*TSH nzuri lakini nimechoka vilevile.* Pima wingi wa damu na sukari, na jiulize unalala saa ngapi. Si kila uchovu ni wa tezi.

*Nina mimba, au hedhi imechelewa.* Usiache kidonge. Nenda kliniki wiki hiyo hiyo, usingoje tumbo lionekane: mtoto hutegemea homoni ya mama miezi ya mwanzo, na dozi kwa kawaida hupandishwa kwa robo hivi au zaidi. Vidonge vya damu watakavyokupa, saa nne mbali. Ukishajifungua, dozi hurudishwa na kupimwa upya.

*Rovu linakua, sauti imebadilika, kumeza au kupumua kunasumbua.* Hilo halihusiani na saa ya kumeza. Linahitaji kushikwa na daktari na kupigwa picha ya mawimbi ya sauti haraka. Wasimamie bibi na babu, ambao husema limekuwepo siku zote.

*Dawa imekwisha na boti haiendi.* Kusi hupiga, safari huahirishwa. Siku mbili tatu bila kidonge hazitakuangusha, kwa sababu iliyomo mwilini bado inatumika. Wiki mbili tatu ni jambo jingine. Ukivuka kwenda Unguja au Dar es Salaam nunua ya miezi miwili, ukiangalia tarehe ya kuisha muda, na ukibakiwa na vidonge kumi anza kutafuta.